Wadudu wembamba wenye mkia wa buluu kwenye bwawa la nyumbani: niwapulizie dawa?

*"Habari mtaalamu. Naishi Goba, Dar es Salaam. Mbele ya nyumba tuna kibwawa cha zege, upana kama mita mbili na kina cha magotini. Nimepanda yungiyungi na kuweka perege wachache. Tangu masika yaishe pamejaa wadudu wembamba sana, weusi, wana kipande cha buluu mkiani. Mmoja mmoja ana rangi ya chungwa. Wengine wanashikana wawili wawili wanatengeneza duara. Mama mkwe anasema hao ndio wanaozaa mbu, na kwamba ule mkia ukipinda ujue unataka kuchoma. Juzi nilichota maji kwa kopo nikakuta kidudu cha kijani chenye mikia mitatu, kinajipindapinda kikiogelea. Fundi wa kupuliza dawa ananiambia nimpe elfu thelathini amwage dawa bwawa zima, mbu kwisha. Mtoto wangu mkubwa aliwahi kuugua dengi na sitaki irudi. Mdogo ana mwaka na nusu. Halafu kuna mtu kaniambia wadudu hawa wanakula mbu, eti niwahamishie kwenye mapipa ya maji. Nimsikilize nani?"*

Dada yangu, pole kwa ile dengi, na shikamoo yangu imfikie mama mkwe. Una maswali matatu ndani ya moja: wadudu hawa ni nani, wana madhara gani, na mbu wako wanatoka wapi. Nitaanza na kinachoweza kukugharimu hela leo: usimpe fundi elfu thelathini. Wadudu unaowaona hawazai mbu, hawachomi, na kuwaua kutakuongezea mbu badala ya kuwapunguza. Lakini na yule aliyekwambia uwahamishie kwenye mapipa amevuka mpaka, nitaeleza kwa nini.

Hao ni kereng'ende wembamba. Kereng'ende wanene unawajua, wale wanaozunguka juu ya viwanja vya mpira mvua za vuli zikikaribia, wakitua wanatandaza mabawa pande mbili. Hawa wako ni ndugu zao wadogo. Wakitua, wengi wao hukunja mabawa na kuyalaza juu ya mgongo, na macho yao yametengana, moja kushoto, jingine kulia, kichwa kimekaa kwa mapana. Mruko wao ni wa chinichini, wa polepole, jani hadi jani. Si watoto wa wale wanene, kama wengi wanavyodhani. Mdudu mwenye mabawa kamili haongezeki ukubwa tena.

Kwa maelezo yako, na kwa kuwa ni Dar es Salaam kwenye maji yaliyotuama penye jua, karibu nina hakika ni yule ambaye wataalamu wanamwita *Ischnura senegalensis*. Jina hilo lilianzia kwenye kitabu cha Rambur, Mfaransa, mwaka 1842, na lilifuata Senegali, lakini mdudu mwenyewe hana nchi moja. Yuko karibu Afrika yote, visiwa vya Bahari ya Hindi, Uarabuni, Asia ya kusini, hadi Japani. Urefu wake ni sentimita 3 hivi, mara nyingi pungufu. Dume ana kifua cha kijani au kijani-buluu chenye mistari myeusi. Tumbo lake, ambalo wewe unaliita mkia, ni jeusi kwa juu, isipokuwa karibu na ncha ambako pingili moja ina buluu inayong'aa kiasi kwamba unaiona hata mwili wenyewe ukipotea kwenye majani. Tumbo hilo lina pingili kumi, na hiyo ya buluu ni ya nane.

Sasa huyo wa rangi ya chungwa. Hapa uangalie vizuri, maana anaweza kuwa mmoja kati ya wawili. Kama chungwa iko kifuani tu, na mgongo wa tumbo ni mweusi kama wa wenzake, huyo ni jike kijana wa aina hiyohiyo. Akikomaa rangi hiyo hufifia ikawa ya kahawia au kijani kibichi kilichochujuka. Lakini kama mwili mzima ni chungwa tangu kifuani hadi ncha ya mkia, hakuna mstari mweusi mgongoni, macho ya kijani, na ni mrefu kidogo kuliko wengine, basi ni aina nyingine kabisa, *Ceriagrion glabrum*, naye ni mkazi wa kawaida wa madimbwi yenye nyasi kotekote Afrika kusini mwa Sahara. Naye hana neno.

Kuna jambo litakuchanganya zaidi ukianza kuwachunguza. Baadhi ya majike ya hao wa mkia wa buluu wamevaa rangi za dume, buluu na vyote. Wanasayansi wa Japani wamelifuatilia sana suala hili, na maelezo yenye nguvu ni kwamba jike anayefanana na dume hasumbuliwi ovyo na madume. Dume wa aina hii akimshika jike wanaweza kukaa pamoja saa kadhaa, na hizo ni saa ambazo jike hali wala hatagi. Kupunguza usumbufu ni faida kubwa kwa kiumbe ambaye maisha yake yakiwa na mabawa huhesabiwa kwa siku na wiki chache.

Hilo duara unaloliona ndilo hilo tendo lenyewe. Dume humkamata jike nyuma tu ya kichwa kwa vishikio vilivyo mwisho wa mkia wake. Jike naye hupinda tumbo lake kuja mbele hadi chini ya tumbo la dume, karibu na kifua, ambako dume ameshaweka mbegu kabla. Ndipo linapotokea umbo la duara, au moyo. Kumbe mkia unaopinda hauna habari na kuchoma mtu.

Ila mama mkwe hakuota. Jike ana kitu kigumu, chenye ncha, chini ya mwisho wa tumbo. Ukimtazama wakati anataga utaapa ni mwiba: anatua kwenye bua la yungiyungi au jani lililolala majini, anapinda tumbo, anachoma. Anachochoma ni mmea. Anatoboa ngozi laini ya bua na kupachika mayai ndani, moja moja, na aina hii hufanya kazi hiyo peke yake bila dume kumshikilia. Hicho kitobozi hakina sumu na hakimfikii mtu. Kereng'ende yeyote ukimshika vidoleni atajaribu kuuma kwa taya. Hawa wadogo taya zao hazipenyi hata ngozi ya mtoto. Kwa hiyo wanao wakimshika mmoja, anayehurumiwa ni mdudu, maana mabawa yanachanika haraka.

Tuje kwenye kile kidudu cha mikia mitatu, maana hapo ndipo jibu lako lote lilipo. Huyo ni mtoto wa kereng'ende mwembamba, tunutu, anayeishi majini tangu anapoanguliwa hadi siku ya kuota mabawa. Ile mikia mitatu, iliyo bapa kama majani, humsaidia kuvuta hewa iliyoyeyuka majini, na ndiyo inayomsukuma anapojipinda kuogelea. Akishikwa na adui anaweza kuuacha mmoja ukabaki mdomoni mwa adui, kisha ukaota mwingine mdogo anapojivua ngozi tena. Ukimkuta na mikia miwili usidhani ni aina nyingine.

Mchote tena, safari hii mweke kwenye bakuli jeupe la plastiki lenye maji ya bwawa hilohilo, kina cha kidole kimoja, na umwekee kijiti ashike. Mwache atulie. Kisha chota viluwiluwi vya mbu popote utakapovipata uvimimine humo. Tunutu hatavikimbiza. Atakaa kimya, kichwa kitageuka kidogo sana kumfuata yule anayesogea karibu, halafu ghafla kiluwiluwi kitakuwa mdomoni mwake na hutakuwa umeona kilichotokea. Chini ya kichwa amekunja mdomo wa chini, mrefu, umekunjwa kama mkono kwenye kiwiko, na mwishoni una kulabu mbili zenye ncha. Huufyatua kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hunasa, huurudisha, kisha hutafuna taratibu. Watoto wako watakaa hapo mchana mzima, nakuhakikishia.

Kwa hiyo ndiyo, wanakula viluwiluwi vya mbu. Lakini usiende mbali sana na habari hiyo. Tunutu hachagui mbu. Anakula kinachopita: viroboto wa maji, funza wekundu wadogo wa kwenye tope, watoto wa wadudu wengine, na wenzake waliomzidi udogo. Hata yule mzima mwenye mabawa huokota vijidudu vya majani, vidukari, vinzi na mbu wachache. Tena anafanya kazi mchana penye jua, wakati mbu wa malaria huamka usiku yeye akiwa amelala kwenye nyasi. Mbu wa dengi ni wa mchana kweli, lakini anajificha kivulini: uvunguni, nyuma ya pazia, kwenye nguo zilizotundikwa. Kereng'ende haingii chumbani kumtafuta. Mtu akikwambia wadudu hawa ndio dawa ya mbu wa Dar, ametia chumvi.

Kitu wanachokifanya kweli, na wanakifanya bwawani kwako bila malipo, ni kuhakikisha kibwawa hicho hakigeuki shamba la mbu. Hawako peke yao. Kuna perege wako, ambao wakiwa wadogo hula viluwiluwi kwa pupa, na hula pia matunutu wenyewe. Kuna kunguni-maji wanaoelea kwa mgongo, na mende-maji. Kisha kereng'ende naye ni chakula: cha chura, cha buibui anayetandaza utando kwenye majani, cha mdiria na keremkerem wakipita. Ukimtazama kifuani kwa chini utaona mara nyingine vidoa vyekundu vidogo. Hao ni utitiri wa majini wamemganda wakimnyonya. Bwawa lako limeshapata watu wake, wakulao na waliwao, na mbu akitaga humo kizazi chake kinapita kwenye midomo mingi.

Fundi akimwaga dawa yote haya yanaanguka. Dawa nyingi za kupulizia mbu majumbani ni za jamii ya payrethroidi. Ni sumu kali kwa samaki na kwa wadudu wa majini, hata kwa kiasi kidogo. Perege utawakuta wameelea. Viluwiluwi watakufa, kweli, na matunutu watakufa. Lakini angalia nani anarudi kwanza. Mbu kwa joto letu hutoka kwenye yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10 hivi, na jike wa mbu hahitaji mwaliko, usiku wowote anaweza kutua hapo na kuacha mayai. Kereng'ende mwembamba huhitaji wiki kadhaa, pengine miezi miwili, kumaliza utoto wake majini. Kwa hiyo dawa ikishapungua nguvu, maji yako yatakuwa na mbu bila mlaji hata mmoja. Baada ya wiki mbili utampigia fundi simu, naye atakuja na bei ileile. Simsemi kwa ubaya, hiyo ndiyo biashara yake, na kupuliza kuta za ndani kuna mahali pake. Bwawani si mahali pake.

Sasa nikuulize mimi: mbu wa dengi ulimwona bwawani? Nadhani hukumwona, kwa sababu huyo, *Aedes aegypti*, hapendi bwawa lenye samaki na mimea. Ni mbu wa vyombo. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi mwaka 2010, 2014, 2018 na 2019, na kila mara kazi ya maofisa afya ilikuwa kuzunguka nyuma ya nyumba za watu kutafuta ndoo, matairi ya zamani, makopo, vifuu na mapipa. Yeye hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, moja moja, yakaganda. Chombo kikikauka mayai hayafi. Yanaweza kungoja miezi, mvua ikinyesha au ukijaza pipa tena yanaanguliwa. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Inabidi kusugua kuta za ndani kwa brashi na sabuni.

Zunguka nyumba yako kesho asubuhi. Anza na sahani zilizo chini ya vyungu vya maua, maana mtu anayepanda yungiyungi hakosi vyungu vingine barazani. Angalia trei ya nyuma ya jokofu, chombo cha maji ya kuku au mbwa, turubai lililokunjika likashika maji, mfereji wa paa uliozibwa na majani, mianya ya matofali ya fensi isiyomalizika, na kifuniko cha tangi la juu ambacho hakifungi sawasawa. Kama mgao wa maji unakulazimisha kuweka mapipa, na Goba nzima inajua habari hiyo, funika kila pipa kwa kitambaa cha chandarua kilichofungwa kwa mpira, na lisugue kila wiki. Nikipewa nafasi ya kuweka dau, mbu walioleta dengi kwako walitoka ndani ya hatua ishirini za jikoni, hawakutoka kwenye yungiyungi.

Hapo ndipo linaingia lile wazo la kuhamishia matunutu kwenye mapipa. Si wazo la kipuuzi. Huko Yangon, Myanmar, miaka ya 1980, watafiti pamoja na wakazi waliweka matunutu wa kereng'ende mnene, *Crocothemis servilia*, kwenye vyombo vya maji vya nyumbani, na mbu wa dengi walipungua sana. Lakini huyo ni kereng'ende mkubwa mwenye njaa kubwa, matunutu walifugwa makusudi, na walilazimika kuwekwa upya kila mara kwa sababu wengine hukua wakaruka na wengine hufa. Huyu wako ni mdogo, amezoea kushika bua la mmea, na ukiwatia wanne kwenye pipa tupu lenye kuta laini wataanza kwa kulana. Na bado hayo ni maji ya kupikia na kuogea. Kifuniko kinakupa matokeo bora kwa bei ya mita moja ya chandarua.

Kama una maji usiyoweza kuyafunika wala kuyamwaga, tuseme shimo la msingi la jirani au mtaro uliosimama, kuna kiuadudu hai kinachotokana na bakteria, *Bacillus thuringiensis israelensis*. Kiluwiluwi hukila, sumu ya bakteria hupasua utumbo wake, akafa. Hudhuru mbu na jamaa zake wa karibu tu. Kereng'ende, samaki na mtu hawaguswi. Dar ilishakitumia kwa upana katika mpango wa kudhibiti malaria mjini miaka ya 2000, na sasa viuadudu vya aina hiyo vinazalishwa Kibaha. Udhaifu wake ni kwamba nguvu huisha upesi, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo ni kazi ya kurudiarudia. Bwawani kwako sioni haja. Ukinunua dawa yoyote, angalia kwenye lebo kama imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Chupa isiyo na lebo, hata ikisifiwa vipi, iache dukani.

Niseme pia jambo ambalo watu wa mazingira wenzangu hulipamba. Kumwona kereng'ende huyu hakumaanishi maji yako ni safi. Aina nyingine ndiyo, ni wachaguzi, wakitoweka ujue mto umeharibika. Huko Afrika Kusini kuna kipimo kinachompa kila kereng'ende alama kuanzia 0 hadi 9, wachaguzi na wasiopatikana kwingine wakipata za juu. Huyu wako anapata 0. Anaishi kwenye mitaro yenye nyasi, kwenye visima vya wakulima wa mchicha bonde la Msimbazi, mashimo ya mchanga, mashamba ya mpunga, hata maji yenye chumvi kidogo. Anavumilia mengi. Ukitaka mchaguzi, yuko *Coryphagrion grandis*, kereng'ende mwembamba mkubwa wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambaye watoto wake hukulia kwenye maji yaliyokusanyika ndani ya mashimo ya miti. Jamaa zake wa karibu wako Amerika ya Kati na Kusini, huko ng'ambo ya Atlantiki, jambo ambalo limewafanya watafiti warudi hadi enzi ambazo mabara hayo yalikuwa yameungana. Huyo, msitu ukikatwa, hana pa kwenda. Wako akihamishwa Goba atahamia kata ya Wazo.

Kwa bwawa lenyewe, kazi yako ni ndogo. Acha mabua machache ya yungiyungi na majani ya pembeni yatokeze juu ya maji, kwa sababu tunutu akimaliza utoto hupanda hapo, mara nyingi asubuhi, ngozi hupasuka mgongoni na mwenye mabawa hutoka. Ukichungulia kabla ya jua kali utakuta maganda matupu yamebaki yameshikilia bua, mepesi, na kwenye ule mpasuko vinaning'inia vinyuzi vyeupe. Hivyo ni bitana ya mirija yake ya hewa, nayo hujivua. Maganda mengi ni dalili kwamba wanamaliza mzunguko wao hapo kwako, hawapiti njia tu. Usijaze perege kupita kiasi, watawamaliza. Na samaki wa bwawani usiwamwage mtoni unapowapunguza.

Maji yakianza kunuka, yakawa meusi, au perege wakawa wanahemea juu asubuhi, hapo hewa majini imepungua: punguza chakula cha samaki, toa majani yaliyooza, na ukiona bado, mwite ofisa uvuvi wa halmashauri aje aone kwa macho. Mbu wakiendelea kuwa wengi baada ya kusugua vyombo vyote kwa wiki tatu, tatizo liko nje ya fensi yako. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na umwombe ofisa afya wa kata apite. Ana mamlaka ya kuingia kwenye kiwanja cha jirani mwenye shimo, wewe huna.

Kuna mawili hukuniuliza. Mtoto wa mwaka na nusu na bwawa la kina cha magoti ya mtu mzima havipaswi kuachwa pamoja hata dakika moja. Kwa macho yangu hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote ulizoandika. Weka wavu mgumu wa nondo nyembamba juu ya maji, matundu madogo ambayo mguu hauzami. Kereng'ende watapita, mabua yatapita, mtoto hatapita. Au zungushia uzio wenye kijilango kinachofungwa kwa juu.

La pili ni la daktari zaidi kuliko langu, lakini siwezi kuliacha. Virusi vya dengi viko vya aina nne. Aliyewahi kuugua aina moja akipata nyingine, anaweza kuugua vibaya zaidi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo yule mkubwa akipata homa ya ghafla, usisubiri wala usiamue ni malaria kwa kubahatisha. Mpeleke kituo cha afya apimwe vyote viwili na uwaambie aliwahi kuugua dengi. Mkiwa njiani mpe parasetamo kwa kipimo chake, usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, maana zinaweza kuongeza kutoka damu. Akitapika mfululizo, akalalamika tumbo linauma sana, akatokwa damu kwenye fizi au pua, au homa ikashuka huku yeye anazidi kulegea, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na mdogo anapolala mchana, mshushie chandarua, kwa sababu mbu wa dengi ndiyo saa zake.